Mguu Umekatwa, Mtu Yupo: Jinsi Muuguzi Anavyomsaidia Mgonjwa Kujithamini Tena

Matini ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kaunti. Yametayarishwa kusomwa katika mabaraza ya wadi na katika sehemu za kusubiria huduma kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali.



Chukueni mfano wa kijana wa bodaboda mwenye umri wa miaka 34, baba wa watoto wawili. Asubuhi moja anagongwa na lori kwenye barabara kuu. Madaktari wanafanya kila wanaloweza, lakini mguu wake wa kulia umesagika na inabidi ukatwe chini ya goti. Wiki tatu baadaye kidonda kinapona vizuri. Hakuna usaha, hana homa, na chakula anakula. Ukisoma faili yake utasema huyu yuko karibu kurudi nyumbani.

Lakini muuguzi wa zamu ya asubuhi ameona mambo mengine. Kijana huyu hujifunika shuka hadi kiunoni hata wakati wa joto. Bendeji ikifunguliwa, yeye hugeuza uso akatazama ukuta. Mkewe akija na watoto saa ya kuwaona wagonjwa, husema watoto wabaki nje. Siku moja muuguzi anamuuliza kama ameanza kujaribu magongo, naye anajibu, "Ya nini, sista? Mimi ni mzigo tu sasa."

Jibu hilo ni dalili, sawa na vile homa ilivyo dalili, au damu inayopenya kwenye bendeji. Muuguzi aliyefunzwa kazi yake huliandika kwenye faili kwa maneno yale yale ya mgonjwa, kisha akalichukulia hatua. Mazungumzo ya leo yanahusu hatua hizo: muuguzi hutazama nini, huuliza nini, hufanya nini, na familia na majirani wana nafasi gani. Mfano wa kijana huyu ni wa kueleza tu na haumhusu mtu fulani, ila yanayompata huwapata wagonjwa wengi.

Jinsi mtu anavyojiona

Kila mtu hubeba akilini picha yake mwenyewe. Wataalamu wa uuguzi huiita dhana ya nafsi, na huitazama katika sehemu nne.

Ya kwanza ni taswira ya mwili, yaani mtu anavyouona mwili wake na anavyodhani wengine wanauona. Ya pili ni kujithamini: je, mtu huyu anajihesabu kuwa ana maana? Ya tatu ni majukumu. Mtu hujijua kupitia anayoyafanya: yeye ni baba anayelipa karo, ni mama anayeamka saa kumi kwenda sokoni, ni mwalimu, ni mweka hazina wa chama. Ya nne ni utambulisho, ile hali ya mtu kujitambua kuwa ni yule yule aliyekuwa jana, hata maisha yakibadilika.

Kwa kijana wa bodaboda, ajali moja imezigusa zote nne. Mwili umebadilika. Pikipiki, iliyokuwa kazi yake na jina lake kituoni, hawezi kuipanda. Nyumbani aliyekuwa akileta unga sasa anasubiri kuletewa uji. Anapojiuliza yeye ni nani, hapati jibu alilolizoea.

Wauguzi hawakuanza kulifikiria jambo hili juzi. Mwaka 1970 muuguzi na mtawa wa Kikatoliki kutoka Marekani, Callista Roy, alichapisha nadharia iliyokuja kufundishwa katika vyuo vingi vya uuguzi duniani. Alieleza kwamba mtu anapougua hujirekebisha kwa njia nne: mwili wake, jinsi anavyojiona, majukumu yake, na uhusiano wake na watu anaotegemeana nao. Maana yake kwa muuguzi wa wadi ni rahisi kuielewa. Akishughulikia mwili peke yake, atakuwa ameacha sehemu kubwa ya mgonjwa bila huduma.

Wala hali hii si ya waliokatwa viungo tu. Humpata mama aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani, akawa hataki tena kuvua nguo mbele ya mumewe. Humpata mzee aliyepata kiharusi, ambaye jana alikuwa akiongoza baraza la ukoo na leo mate yanamtoka akizungumza. Humpata msichana aliyeungua usoni kwa maji moto, mtu anayetembea na mfuko wa choo tumboni baada ya upasuaji wa utumbo, na kijana mwenye kifafa aliyeanguka mbele ya darasa zima. Humpata mama aliyepata fistula baada ya uchungu wa muda mrefu wa kujifungua, mkojo ukawa unamtoka bila hiari, naye akaacha kwenda kanisani, msikitini na sokoni kwa kuogopa harufu. Wengi wa akina mama hao wangeweza kutibiwa kwa upasuaji, lakini aibu huwaweka nyumbani kwa miaka.

Kwa nini jambo hili ni la hospitali

Wapo wanaouliza kama hospitali, pamoja na foleni zake, ina muda wa kushughulikia hisia za mtu. Jibu liko kwenye vidonda vyenyewe. Mgonjwa asiyetaka kuutazama mguu wake hataona kidonda kikianza kubadilika rangi. Mwenye kisukari anayejiambia kuwa maisha yake yamekwisha huacha dawa, na sukari ikipanda, mguu wa pili nao unaingia hatarini. Mama anayeona aibu kwa titi lililoondolewa hukosa siku yake ya kliniki. Mtu anayejiona mzigo hukataa mazoezi ya kutembea, misuli ikalegea, na goti likakakamaa mahali lilipo.

Hatari kubwa zaidi ni uhai. Mtu anayesema kila siku kwamba hana faida kwa yeyote anaweza kufikia kuamini kwamba familia yake itapumua akiondoka. Ndiyo sababu muuguzi hayapuuzi maneno kama "mimi si mtu tena". Hayachukulii kuwa ni deko wala kutafuta huruma.

Muuguzi hutazama nini

Kabla ya kuuliza lolote, muuguzi hutazama. Je, mgonjwa huangalia sehemu ya mwili iliyobadilika, huigusa, au huificha? Huzungumza huku akimtazama mtu usoni, au macho yako chini? Amechana nywele, amenyoa, amebadilisha nguo, au ameacha kujitunza kabisa? Akitajiwa mguu wake husema "mguu wangu" au husema "hicho kitu"? Watu wakija kumwona huchangamka au hujifanya amelala?

Hutazama pia usingizi na chakula. Huzuni baada ya kupoteza kiungo ni jambo la kawaida. Anayelia usiku wa kwanza baada ya upasuaji hana ugonjwa mwingine, anaomboleza alichokipoteza. Lakini huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, mtu akawa hapendezwi na lolote, halali, hali, na anajilaumu kwa kila kitu, hapo kuna uwezekano wa ugonjwa wa sonona na inabidi apimwe na mtaalamu.

Jamaa za mgonjwa ni msaada mkubwa katika hatua hii, kwa sababu muuguzi hakumjua mtu huyu kabla hajalazwa. Mke anayesema, "Huyu si mtu wa kunyamaza hivi, ndiye huchekesha nyumba nzima," amempa muuguzi kipimo ambacho hakiko kwenye maabara.

Muuguzi huuliza nini

Mahali huja kabla ya swali. Wadi ina vitanda vilivyokaribiana, na nyuma ya pazia kuna masikio. Muuguzi mzoefu husubiri saa ambayo wageni wameondoka, au huzungumza wakati wa kusafisha kidonda, ambapo wako wawili na mikono yake ina kazi. Wagonjwa wengi huona ni rahisi kusema jambo zito kwa mtu ambaye hajawakazia macho.

Lugha nayo ina uzito. Mama mzee ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni atasema yaliyo moyoni kwa lugha ya mama. Akihitajika mkalimani, asiwe mtoto wake. Hakuna mama atakayemwambia binti yake wa miaka kumi na minne, ili amtafsirie muuguzi, kwamba mumewe amehamia chumba kingine tangu afanyiwe upasuaji. Vivyo hivyo, mzee wa miaka sabini anaweza kuona vigumu kumweleza muuguzi aliye rika la mjukuu wake kwamba hawezi kuzuia mkojo. Muuguzi akilihisi hilo, humwomba mwenzake mwanamume au mkubwa kwa umri aendelee na mazungumzo. Mgonjwa naye ana ruhusa ya kuomba hivyo.

Maswali yenyewe huwa wazi, yasiyojibika kwa ndiyo au la. "Mzee, tangu ulipougua, ni kitu gani kimekuwa kigumu zaidi kwako?" "Mama, ukijitazama sasa, unajionaje?" "Kaka, nyumbani kazi zipi zilikuwa zako, na unaonaje kuhusu kazi hizo sasa?" "Ukipata shida, nani huwa unamwambia?" "Kuna kitu gani ulichowahi kukifanya ambacho bado kinakufurahisha ukikikumbuka?" Kisha muuguzi hunyamaza. Kunyamaza huko ni sehemu ya kuuliza, kwa sababu jibu la kwanza huwa "niko sawa tu", na lile la kweli hufuata baadaye.

Vipo pia vipimo vya maandishi. Kimojawapo ni orodha ya kauli 10 iliyotungwa na mwanasosholojia Morris Rosenberg na kuchapishwa mwaka 1965. Mtu huonyesha kiasi anachokubaliana na kila kauli kuhusu thamani yake, majibu yakajumlishwa. Kipimo cha namna hiyo husaidia kulinganisha hali ya mgonjwa leo na ya mwezi ujao. Hakiwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo, na mgonjwa asiyejua kusoma hapaswi kukosa huduma kwa sababu yake.

Muuguzi huuliza swali moja ambalo watu hudhani halifai kuulizwa: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitaja. Akijibu ndiyo, haachwi peke yake, na daktari au mtaalamu wa afya ya akili huitwa mara moja.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mgonjwa anayemficha muuguzi linalomsumbua hufunga mlango wa msaada, na kazi ya muuguzi ni kuhakikisha mlango huo hauogopeshi kuugonga.

Muuguzi husaidia vipi

Msaada huanza na jina. Mgonjwa aitwe kwa jina lake, au mama fulani, au mzee fulani kama anavyoitwa kwao. Anayesikia akitajwa kuwa "ule mguu wa kitanda cha sita" ameambiwa kwamba yeye amekuwa mguu.

Unafuata uso wa muuguzi mwenyewe. Bendeji ikifunguliwa kwa mara ya kwanza, mgonjwa hatazami kidonda. Humtazama muuguzi. Akiona uso umekunjamana au pua imezibwa, amepata jibu la swali ambalo hakuliuliza. Akiona uso uliotulia na mikono inayogusa bila kusita, amepata jibu jingine.

Kisha mgonjwa husaidiwa kuutazama mwili wake kidogo kidogo, bila kulazimishwa. Siku ya kwanza anaweza kutazama bendeji tu. Siku nyingine anashika chombo cha maji huku muuguzi akisafisha. Baadaye anagusa ngozi iliyo juu ya kidonda, na hatimaye anafunzwa kufunga mwenyewe sehemu ya mguu iliyobaki, yaani kigutu. Kukifunga vizuri kwa bendeji ya kuvutika hupunguza uvimbe na kukipa umbo litakalokubali mguu bandia. Anafunzwa pia asilale na mto chini ya goti, hata kama anasikia raha, kwa sababu goti litakakamaa likiwa limekunjwa. Mafunzo haya yana faida mbili. Yanalinda mwili, na yanampa mtu aliyejiona hana kazi, kazi ambayo yeye ndiye mwenye kuifaulu.

Lipo jambo moja ambalo muuguzi hulieleza mapema, kabla halijazua hofu. Wengi waliokatwa mguu huendelea kuhisi mguu ule uko. Huhisi vidole vikiwasha, wengine huhisi maumivu makali kwenye unyayo usiokuwepo. Asiyeelezwa hudhani anapata wazimu, au jamaa zake husema amerogwa na kuanza kutafuta mganga. Ukweli ni kwamba ubongo na mishipa ya fahamu bado vinaushika mguu ule kama uliopo. Hali hiyo inajulikana, na yapo matibabu ya kupunguza maumivu hayo. Mgonjwa anayejua hilo humwambia muuguzi badala ya kunyamaza usiku kucha.

Muuguzi hujihadhari pia na maneno matamu ya uongo. "Usijali, utakuwa sawa" humfungia mgonjwa mdomo, kwa sababu anajua kwamba mguu hauoti tena. Jibu bora hukubali ukweli na kuonyesha njia: "Ni hasara kubwa, na una haki ya kuihuzunikia. Leo tujaribu kusimama na magongo kwa dakika mbili." Kesho dakika zitakuwa nne. Anaposifiwa, asifiwe kwa alilolifanya kweli, kwa mfano kutoka kitandani hadi dirishani bila kushikwa. Sifa za jumla mgonjwa hazisadiki.

Majukumu nayo huzungumzwa waziwazi, pamoja na familia. Kijana wa bodaboda hawezi kupanda pikipiki mwezi huu. Lakini anajua injini kuliko wengi, anaweza kusimamia pikipiki inayoendeshwa na mwingine, anaweza kuweka hesabu za kikundi cha wenzake kituoni, na jioni anaweza kukaa na watoto kwenye kazi za shule. Muuguzi hamchagulii. Humuuliza, na yeye ndiye hutaja. Mwingine ataamua kujifunza kazi mpya kabisa.

Mahali inapowezekana, mgonjwa hukutanishwa na mtu aliyepitia yale yale. Mwanamume anayeingia wadini kwa mguu bandia, akavuta kiti na kuulizia matokeo ya mpira, hufanya kazi ambayo mazungumzo mengi hayawezi kuifanya.

Baada ya hayo yote muuguzi hurudi kwenye faili na kujiuliza kama kuna mabadiliko. Dalili za nafuu huwa ndogo. Mgonjwa ameuliza mguu bandia hupatikana wapi. Ameomba wembe anyoe. Amesema "kigutu changu" bila kushusha sauti. Safari hiyo haiendi moja kwa moja, na siku nzuri tatu zinaweza kufuatwa na siku mbaya mbili. Hali ikizidi uwezo wa wadi, mgonjwa hupewa rufaa kwa mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili.

Wauguzi wenyewe wangependa wakazi wajue jambo moja bila kufichwa. Kuna zamu ambazo muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi, na hawezi kukaa nusu saa kando ya kila kitanda. Ndiyo maana mengi ya yaliyotajwa hapa hufanyika huku dawa zikigawiwa na vidonda vikisafishwa. Na ndiyo maana jicho la jamaa wa mgonjwa ni la thamani. Ukiona mabadiliko kwa mgonjwa wako, usingoje kuulizwa.

Nyumbani ndiko kwenye mtihani

Hospitalini kila mtu ni mgonjwa. Nyumbani ni yeye peke yake, na majirani wanakuja kutazama. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ndizo ngumu zaidi kwa wengi, na hapo familia hushika kazi iliyokuwa ya muuguzi.

Msimfanyie kila kitu. Anayeweza kujiogesha akikaa kwenye kiti, awekewe kiti na maji, aoge. Anayeweza kumenya viazi au kuchambua mboga, apewe kisu na sufuria. Kumnyang'anya mtu kila kazi kwa huruma ni kumwambia kwamba hahitajiki.

Mwendelee kumuuliza. Mahari ya dada, mbegu za msimu, shule ya mtoto, mambo haya alikuwa akishauriwa kabla ya ajali. Maamuzi yakianza kupita juu ya kichwa chake, atajua kwamba nafasi yake imezikwa yeye akiwa hai.

Watoto waelezwe ukweli kwa maneno yao. Mtoto aliyeambiwa "mguu wa baba uliumia sana, daktari akauondoa ili baba apone" hataogopa kumkaribia. Aliyefichwa ndiye atakayekimbia, na kukimbia huko kutamuumiza baba kuliko kisu cha daktari.

Wanandoa wazungumze kuhusu unyumba, hata kama ni kwa kunong'ona. Ukimya hapo hutafsiriwa vibaya kila upande: mmoja hudhani anachukiwa, mwenzake anaogopa kumtonesha. Muuguzi au mshauri nasaha anaweza kuulizwa kuhusu hilo bila aibu. Ni sehemu ya kazi yake.

Majirani nao wachunge ndimi. Majina ya utani yanayotokana na kilema, na yale ya "maskini, bora angekufa tu", husikika hata yakisemwa nje ya ua. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Aliyesimama kwa miguu miwili leo hajui atakachokuwa kesho.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua rasmi kote nchini mwaka 2023 wakiwa zaidi ya 100,000, hutembelea nyumba kwa nyumba. Mwonyesheni mhamasishaji wa eneo lenu aliko mgonjwa, na msimfiche chumbani mgeni anapobisha hodi. Mhamasishaji akiona mtu amejifungia au ameacha dawa, anaweza kumwelekeza kwenye kituo cha afya kabla mambo hayajaharibika.

Sheria inasemaje

Heshima kwa mgonjwa haitegemei moyo mwema wa aliye zamu. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Ibara ya 31 inalinda faragha, kwa hivyo mgonjwa anaweza kuomba pazia livutwe na mambo yake yasitangazwe. Ibara ya 54 inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa hadhi na heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hivyo jinsi unavyomwita jirani yako ni jambo lililomo ndani ya Katiba.

Aliyebaki na ulemavu baada ya ugonjwa au ajali anaweza kufanyiwa tathmini ya kitabibu na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili humfungulia njia ya kuomba misaada kama vile vifaa vya kutembelea. Ulizieni hatua za kufuata katika hospitali iliyo karibu kabla mgonjwa hajaruhusiwa.

Na kwa wale walionyamaza kwa hofu ya polisi: kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na watu waliogopa kumwambia hata muuguzi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Anayewaza kujiua ni mtu wa kusaidiwa. Aende, au apelekwe, kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na asiachwe peke yake njiani. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari 1199 ya ushauri nasaha, nayo ni ya bure.

La kubeba nyumbani

Turudi kwa kijana wa bodaboda. Muuguzi hakumjibu kwa hotuba aliposema yeye ni mzigo. Alivuta kiti, akakaa, akamuuliza, "Mzigo kwa nani?" Ikachukua muda. Kisha kijana akasema anaogopa mtoto wake mdogo akiona kile kigutu ataanza kumwogopa. Hofu yote ilikuwa hapo, na hakuna dawa kwenye toroli ambayo ingeifikia.

Siku mbili baadaye alikubali mtoto aingie. Mtoto alitazama, akauliza kama bado kinauma, baba akasema kidogo. Kisha akapanda kitandani akaomba ndizi iliyokuwa mezani. Asubuhi iliyofuata kijana aliulizia magongo.

Kila mkazi abebe jambo moja kutoka hapa. Mgonjwa wako akisema "mimi si mtu tena", au "mimi ni mzigo", au akaacha kujitazama, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo, kama vile ungemwambia kwamba ametapika damu. Kama yuko nyumbani, mwambie mhamasishaji wa afya ya jamii au umpeleke kituoni. Na kama anayesema hivyo ni wewe mwenyewe, sema kwa sauti. Muuguzi amefunzwa kulisikia neno hilo.